Usilale na Jiko la Mkaa

Mwezi Juni na Julai baridi ni kali Njombe, Makete na Lushoto. Je, umeona kwamba usiku usio na mawingu ndio wenye baridi zaidi?

Mchana jua hupasha ardhi joto. Usiku joto hilo hupanda juu na kupotea. Mawingu ni kama blanketi. Huzuia joto lisipotee lote. Pasipo mawingu, ardhi hulala bila blanketi. Asubuhi huenda ukakuta barafu nyembamba juu ya majani.

Baridi hiyo huwafanya wengine waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hiyo ni hatari kubwa! Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Sumu hiyo ikiingia katika damu, damu haiwezi kubeba hewa safi ya kutosha. Aliyelala huenda asiamke.

Jiko libaki nje. Jifunike vizuri, na watoto uwavike nguo nzito. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au akitapika karibu na jiko, mtoe nje upesi. Kisha mpeleke zahanati.

Baridi huisha jua likichomoza. Uhai ukipotea haurudi.