Fahamu Protini Inayoiongoza Seli ya Hamira, na Sababu Kemikali ya Kuiwasha Si Dawa

Na Mwandishi Wetu

Hamira hufahamika kwa wananchi wengi kama kiungo cha kuumulia mikate na mandazi. Katika maabara za biolojia, hata hivyo, kiumbe hiki kidogo cha jamii ya fangasi, ambacho jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae, kimetumika kwa miongo mingi kuchunguza namna seli zinavyofanya kazi, zikiwemo seli za binadamu. Mwaka 1996 hamira ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye seli zilizo na kiini kusomwa mpangilio wote wa jeni zake, ambazo ni takribani 6,000.

Miongoni mwa mambo yaliyogunduliwa kupitia hamira ni kazi ya protini iitwayo Cdc42. Watafiti wamekwisha kuzitambua kemikali kadhaa zinazoiwasha protini hiyo. Makala haya yanaeleza protini hiyo ni nini, huwashwa vipi, na kwa nini mwananchi hapaswi kudhani kwamba kila kinachowasha protini ya mwili ni tiba.

Seli hujuaje upande wa kukua?

Seli ya hamira huzaliana kwa kuchipua. Kijichipuko hutokeza upande mmoja wa seli mama, hukua, kisha hujitenga na kuwa seli mpya. Ili jambo hilo lifanyike, seli haina budi kuchagua sehemu moja tu ya kuchipulia. Kazi ya kuisimamia sehemu hiyo ni ya Cdc42. Protini hii hukusanyika chini ya utando wa seli mahali palipochaguliwa, nazo nyuzi za ndani ya seli hujipanga kuelekea hapo mithili ya reli. Kupitia nyuzi hizo, vifuko vidogo hubeba vifaa vya kujengea ukuta wa kijichipuko.

Ushahidi wa kazi hiyo ulitolewa mwaka 1990, pale timu ya mtafiti John Pringle nchini Marekani ilipochapisha matokeo kuhusu hamira zenye hitilafu katika jeni ya Cdc42. Hamira hizo zilipowekwa katika joto la juu, viini vyake viliendelea kugawanyika, lakini seli hazikuweza kuchipua. Badala yake zilivimba pande zote na kuwa maduara makubwa. Uwezo wa kukua ulikuwapo, ila seli zilikuwa zimepoteza mwelekeo.

Swichi yenye hali mbili

Cdc42 hufanya kazi kama swichi. Inaposhikamana na kemikali iitwayo GTP, huwa imewaka na hutoa maelekezo kwa protini nyingine. GTP inapokatwa na kuwa GDP, swichi huzimika. Protini nyingine, Cdc24, huisaidia kuachia GDP na kupokea GTP mpya, ilhali kundi jingine la protini huharakisha kuizima.

Kemikali zinazotoka nje ya seli nazo huweza kuianzisha kazi hiyo. Hamira ina aina mbili za seli zinazoweza kuungana, yaani a na alfa. Seli ya alfa hutoa feromoni iliyoundwa kwa amino asidi 13. Seli ya a inapoinusa feromoni hiyo, Cdc24 hupelekwa upande ule harufu inakotoka, Cdc42 huwashwa hapo, na seli hurefuka kumwelekea mwenzake. Feromoni haiigusi Cdc42 yenyewe. Hupitisha ujumbe kwa protini kadhaa, na ujumbe huo hueleza pia mahali pa kuwasha. Hili ndilo jambo la msingi: kuwaka kwa Cdc42 kuna manufaa kunapotokea mahali pake na kwa wakati wake.

Kemikali zilizotafutwa maabara

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, waliunda kipimo kinachotumia shanga ndogo mno zilizobandikwa protini za jamii ya Cdc42, pamoja na GTP iliyotiwa rangi inayong'aa. Kemikali inayoongeza mng'ao kwenye shanga huashiria kuwa protini inashika GTP zaidi. Kwa njia hiyo walibaini kemikali zinazowasha na nyingine zinazozuia. Baadhi ya zile za kuwasha hazikuichagua Cdc42 pekee, bali ziliamsha pia protini nyingine za ukoo huo. Kwa mtafiti, hiyo ni zana nzuri ya kujifunzia. Kwa mgonjwa, kemikali inayowasha swichi nyingi kwa pamoja ni jambo la kutiliwa shaka.

Uhusiano na afya ya binadamu

Cdc42 ya binadamu inafanana na ya hamira kwa takribani asilimia 80. Mwilini husaidia seli nyeupe za damu kuwafuata vijidudu na seli za ngozi kusogea ili kufunga jeraha. Aidha, hitilafu katika jeni yake zinaweza kusababisha ugonjwa adimu wa Takenouchi-Kosaki, unaoathiri ukuaji wa mtoto na chembe za kugandisha damu.

Kuwaka kupita kiasi nako kuna madhara. Mwaka 2012 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, walieleza kuwa katika panya wazee, Cdc42 ya seli mama za damu huwa imewaka zaidi kuliko ya panya vijana. Walipoipunguza kwa kemikali, seli hizo zilirejesha baadhi ya sifa za ujana. Hivyo, dai kwamba kuamsha seli daima huleta afya halina msingi.

Kwa upande wa fangasi, Candida albicans huitegemea protini hiyo inapobadilika kutoka umbo la yai na kuwa nyuzi zinazopenya kwenye mwili. Mnamo Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya fangasi 19 wanaohitaji kipaumbele cha utafiti, na Candida albicans akawekwa katika kundi la juu kabisa. Ugumu ni kwamba seli za fangasi zinafanana sana na zetu. Dawa inayomdhuru fangasi bila kumdhuru mgonjwa ni vigumu kuipata, na ndiyo maana uchunguzi wa hamira bado una thamani.

Mwananchi afanye nini?

Matokeo ya maabara ni hatua ya mwanzo. Kemikali hutakiwa kupimwa kwenye seli, kwa wanyama, kisha kwa watu kwa awamu, kabla haijaitwa dawa. Nchini Tanzania, jukumu la kusajili dawa na kufuatilia usalama wake ni la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwananchi anayeuziwa bidhaa inayodaiwa kuamsha seli anashauriwa kuuliza iwapo imesajiliwa na kwa matumizi gani, kumwona mtaalamu wa afya kabla ya kuitumia, na kutoacha dawa aliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya tangazo.