Sayari Zirudishazo Nuru

Nyangoto ni mahali katika nchi ya Tarime, karibu na mto Mara, na ardhi ya huko ina dhahabu. Dhahabu hung'aa sana juani, lakini mtu akiichukua mpaka ndani ya chumba chenye giza kuu, hauoni tena mng'ao wake. Sababu ni kwamba dhahabu haina nuru yake yenyewe. Huipokea nuru ya jua na kuirudisha. Bati jipya la nyumba hufanya vivyo hivyo, hata huumiza macho wakati wa adhuhuri. Bali jiwe jeusi lililo uani hurudisha nuru kidogo tu. Iliyobaki hulimeza, na kwa hiyo jiwe lile huwa la moto mkononi.

Mambo ya mbinguni yafanana na hayo. Nyota huwaka zenyewe, na jua ni nyota mojawapo. Sayari haziwaki, huzunguka nyota yao, nazo huonekana kwa nuru ya kuazima. Tena hazirudishi nuru sawasawa. Dunia hurudisha kadiri ya sehemu 30 katika kila sehemu 100 za nuru ya jua, kwa sababu ya mawingu na barafu. Mwezi, ijapokuwa waonekana mweupe, hurudisha sehemu 12 tu, kwa kuwa mawe yake ni meusi-meusi. Lakini Zuhura, ionekanayo pengine magharibi jua likiisha kuchwa, pengine mashariki kabla ya mapambazuko, hurudisha sehemu 75 hivi, maana imefunikwa na mawingu mazito pande zote.

Zamani watu walizijua sayari za jua hili tu. Mwaka 1995 wataalamu walivumbua sayari izungukayo nyota nyingine iliyo mfano wa jua, na tangu hapo zimevumbuliwa maelfu. Mojawapo ilivumbuliwa mwaka 2009. Nyota yake ni ndogo na nyekundu, nayo iko mbali mno. Nuru ya jua huifikia dunia kwa dakika 8 na kidogo, lakini nuru ya nyota hiyo husafiri miaka 48 hivi. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa nyota wa ulimwengu mzima kilikubali majina yaliyoletwa na watu wa Kenya, kwa lugha ya Kimasai. Nyota ikaitwa Orkaria, kwa ajili ya wekundu wa udongo wa kujipaka. Na sayari ikaitwa Enaiposha, yaani maji makubwa kama ziwa au bahari. Jina la ziwa Naivasha limetoka katika neno hilo hilo.

Upana wa Enaiposha ni kama mara 2.7 ya upana wa dunia, nayo huizunguka nyota yake kwa saa 38 tu. Kwa miaka mingi wataalamu walitaka kujua hewa yake ni ya namna gani, lakini ukungu mzito uliifunika, wasione kitu. Basi mwaka 2022 darubini kubwa iitwayo James Webb, iliyorushwa angani Desemba 2021, iliitazama katika mzunguko wake mzima ikapima joto lake. Upande wa mchana ulikuwa na digrii 280 hivi, na upande wa usiku 165. Hilo ni joto kali, maana maji huchemka kwa digrii 100; hata hivyo lilipungua kuliko lilivyotazamiwa kwa sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake. Je, nuru nyingine ilikwenda wapi? Wataalamu walilinganisha nuru iliyoingia na joto lililotoka, wakatambua ya kuwa karibu nusu ya nuru hurudishwa na ukungu ule ule.

Iko sayari nyingine ishindayo hiyo kwa kung'aa. Jina lake ni Cuancoá, maana yake nyota ya asubuhi katika lugha ya Wauwa wa Kolombia. Mwaka 2023 ilijulikana ya kuwa hurudisha kadiri ya sehemu 80 katika 100, kuzidi hata Zuhura. Wataalamu waliipima nuru ya nyota na sayari pamoja. Kisha wakaipima tena sayari ilipojificha nyuma ya nyota. Upungufu ulioonekana ndio nuru ya sayari. Cuancoá iko karibu mno na nyota yake, hata mwaka wake ni saa 19, na joto lake lafika digrii 2,000. Mawingu yake si ya maji. Yadhaniwa kuwa ya madini, na ndiyo yarudishayo nuru kama kioo.

Basi mng'ao waweza kufunua jambo na kuficha jambo. Ukungu wa Enaiposha umeonyesha kwa nini joto lake limepungua, lakini umeficha yaliyo chini yake. Sayari imepewa jina la maji, wala hakuna aliyekwisha kuyaona maji huko.

Mwanafunzi atakaye kuhakikisha habari hii na atwae makopo mawili yaliyo sawa, moja alipake masizi na la pili chokaa. Ayatie maji kwa kipimo kimoja, ayaweke juani tangu saa tano mpaka saa saba, kisha atie kidole katika kila kopo. Kidole chake kitamwambia ni kopo lipi lililoimeza nuru, na lipi lililoirudisha.