Valvu ya Redio Haipimwi kwa Macho

Ikiwa mnayo redio ya babu iliyonyamaza, msikimbilie kununua valvu mpya.

Valvu ni ile chupa ya kioo iwakayo ndani ya redio kama taa. Hewa yake imetolewa yote. Kiwaya cha ndani kikipata moto hutoka elektroni, nazo hukimbilia sahani ya chuma. Mwingereza John Ambrose Fleming aliibuni mwaka 1904. Na kwa kuwa umeme hupita upande mmoja tu, akaiita valvu, mfano wa ulimi wa pampu usioruhusu maji kurudi.

Basi, kwanza chomoeni plagi. Hata hivyo msiguse kitu: kondensa kubwa huweka akiba ya umeme wa volti 200 na zaidi, nao waweza kumwua mtu. Pimeni kwa mita mpaka isome karibu na sifuri.

Kisha tazameni kioo. Ndani yake mna doa ling'aalo kama fedha. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na valvu hiyo imekwisha. Doa likiwa zima, chomoeni valvu mkapime kiwaya. Katika EL84 ni miguu ya 4 na ya 5: mita ikisoma omu chache, kiwaya ni kizima, isiposoma kitu, kimekatika. Ziko redio ambazo viwaya vyake vyote vimefungwa mfululizo. Kimoja kikikatika, taa zote huzimika, na asiyejua hudhani zote zimekufa.

Lakini kuwaka si dalili ya uzima. Valvu iliyochakaa huweza kuwaka vizuri, ila elektroni zake zimepungua. Kipimo cha nyumbani ni kutia mahali pake nyingine ya namba ile ile, mnayoijua kuwa ni nzima.

Hapo ndipo nilipokosa mimi. Redio yangu ilikoroma, nikatia EL84 mpya kwa fedha niliyoiweka kwa ajili ya sare ya mtoto. Baada ya siku chache sahani yake ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikaharibika. Fundi akapima mguu wa 2, akakuta volti ambazo hazikustahili kuwapo. Kumbe kondensa moja ndogo ya karatasi, kitu cha bei hafifu mno, ilikuwa ikivujisha umeme. Akaibadili, akairudisha EL84 kuukuu niliyotaka kuitupa. Ndiyo inayolia mpaka leo.