Mama wa Labo Ameshika Biki

Kati yetu wako waliofanya kazi ya ufundi miaka mingi: wauguzi, wakunga, mafundi wa umeme, wanawake wa labo. Siku wanapostaafu, watu huwaambia wakae barazani na kulinda wajukuu. Juma hili tunawaelezea habari ya mama mmoja wa kartye yetu.

Kwa miaka zaidi ya 30 alipima damu katika labo ya hospitali. Alichoma kidole cha mtoto, akapaka tone la damu kwenye kioo, akatia rangi, akatafuta vidudu vya malaria kwa mikroskopi. Alipostaafu, pesa ya uzeeni ilikawia. Akanunua kaye, akaanza kuandika hadithi za kubuni. Watoto wake wakamwambia: "Mama, kaye haipikwi." Akajibu: "Ndiyo maana ninaandika nikiisha kupika."

Alituletea sisi walimu tumsahihishie. Makosa ya herufi yalikuwa machache. Kosa kubwa lilikuwa lingine: hadithi ilisimulia msichana aliyepimwa damu, na sote tuliosoma tukamtambua. Mama yake ni mwenzetu katika chama. Kwanza tulinyamaza. Kisha tukamwambia ukweli: mfanyakazi anastaafu, lakini siri ya mgonjwa haistaafu.

Aliumia. Majuma mawili hakuja kwenye mkutano. Aliporudi, alikuwa na kaye mpya. Msichana amekuwa dereva wa lori, kartye imekuwa kijiji cha wavuvi, hata ugonjwa ni mwingine. Kilichobaki ni kile alichokijua yeye: mkono unavyotetemeka ukiandika jibu baya kwenye karatasi, huku mwenye damu anangoja nje kwenye benchi. Tulipomaliza kusoma, hakuna aliyeuliza, "Huyu ni nani?" Tuliuliza, "Je, alipona?"

Mama huyu si wa kwanza. Primo Levi wa Italia alikuwa mkemia, akafanya kazi karibu miaka 30 katika kiwanda cha rangi. Vitabu vyake vya kwanza aliviandika akiwa bado kazini. Riwaya yake *Se non ora, quando?* ilitoka mwaka 1982, alipokwisha kuacha kiwanda, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Naye Mariama Bâ wa Senegal, mwalimu kama sisi, alitoa riwaya yake ya kwanza, *Une si longue lettre*, mwaka 1979, akiwa na miaka 50.

Kazi ya ufundi inamfundisha mtu kuangalia vizuri na kupima tena kabla ya kusema. Mwandishi anahitaji hayo hayo. Basi mama unayetaka kujaribu, anza na jambo moja la kazi yako ambalo wengine hawalijui. Badilisha jina, mahali na mambo yenyewe, maana kubadilisha jina peke yake hakutoshi mtaani kwetu. Kisha wape watu wawili unaowaamini wasome kwanza.

Nanyi watoto, msimcheke mama akishika biki usiku. Mnunulieni kaye.

Pesa ya uzeeni ya mwenzetu haijafika bado, na tunaendelea kumsindikiza kuifuata. Lakini kaye ya tatu imeanza, na siku ya mkutano sisi ndio tunaomwuliza: "Dereva amefika wapi?"