Kwa Nini Arafa Iliyotumwa na Kaunti Inaweza Kukosa Kumfikia Mkaazi

Mama anaelezwa kliniki kwamba atakumbushwa kwa arafa siku ya chanjo ya mtoto ikikaribia. Siku inapita, simu haijalia. Akirudi, mhudumu anafungua kompyuta na kumwonyesha kwamba ujumbe ulitumwa. Hapo kila mmoja hudhani mwenzake anadanganya, na huenda wote wawili wanasema kweli.

Kati ya kompyuta ya kaunti na simu ya mkaazi kuna mtu wa kati ambaye wengi hawamjui. Idara ya afya au ya kilimo inapotaka kuwafikia watu elfu kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida haizungumzi na Safaricom, Airtel na Telkom moja kwa moja. Hupitia jukwaa la mawasiliano, yaani kampuni ambayo tayari imeunganishwa na mitandao yote ya simu na hukodisha njia hiyo kwa waundaji wa programu. Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2010, ni mojawapo. Twilio ya Marekani, iliyoanza mwaka wa 2008, ni nyingine. Muundaji wa programu huandika maagizo machache, na jukwaa hupeleka arafa, hupiga simu ya sauti, au hufungua ile menyu inayoanza kwa nyota na kutumika hata kwenye simu ya kabambe isiyo na intaneti.

Majukwaa haya hayakai vile vile. Kila mara hutoa taarifa kwa waundaji wa programu: huduma mpya imeongezwa, nyingine inafungwa, kanuni fulani imekazwa. Taarifa hizo huandikwa kwa lugha ya mafundi na huishia kwenye barua pepe za ofisi, lakini matokeo yake humfikia mkulima na mzazi.

Tuanze na neno "imetumwa". Kwenye jukwaa, neno hilo lina maana tu kwamba ujumbe umepokewa na kusukumwa kwa mtandao wa simu. Kufika ni jambo lingine, na hujulikana kwa ripoti ya pili ambayo mtandao hurudisha baadaye. Ripoti hiyo inaweza hata kutaja sababu ya kushindwa: laini haitumiki tena, nambari haipo, au mwenye simu amezuia ujumbe wa aina hiyo. Lakini programu ya kaunti haitaipata ripoti hiyo kama muundaji wake hakuielekeza pa kuipokea. Ofisi inayosoma "imetumwa" na kuridhika ni sawa na mtu aliyempa makanga wa matatu kifurushi, akarudi nyumbani akijua kimefika.

Sababu hiyo ya mwisho, ya kuzuia, ndiyo inayowapata watu wengi bila wao kujua. Jukwaa hutofautisha ujumbe wa matangazo na ujumbe wa huduma. Wakenya wengi wamechoshwa na arafa za kamari na mikopo, wakaomba mtandao wao uzizuie, na wana haki ya kufanya hivyo. Sasa, ikiwa ofisi ya umma ilisajili jina lake la mtumaji kama la matangazo, ukumbusho wa chanjo utakwama pamoja na kamari. Mkaazi hakukosea. Aliyejaza fomu ya usajili ndiye anayepaswa kuirekebisha.

Kuna jambo jingine dogo sana ambalo hula fedha za umma. Arafa moja hubeba herufi 160, mradi zote ziwe katika orodha ya herufi za kawaida za simu. Ikiingia hata alama moja iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe wote huandikwa kwa mfumo mwingine na nafasi hushuka hadi herufi 70. Kwa Kiswahili mtego huu uko karibu mno, kwa sababu tuna neno ng'ombe. Ritifaa iliyonyooka haina shida. Lakini karani akiandika tangazo kwenye programu ya kompyuta kisha akalinakili, ritifaa hiyo mara nyingi hugeuzwa kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo katika orodha. Ujumbe mrefu hukatwa vipande, na katika mfumo huo wa pili kila kipande hubeba herufi 67 tu. Kwa hiyo tangazo la chanjo ya mifugo lenye herufi 150, ambalo lingelipiwa kama arafa moja, linalipiwa kama tatu. Wafugaji 10,000 wakitumiwa, bili inakuwa ya arafa 30,000, na kisa ni mkia wa alama moja. Twilio iliongeza huduma inayobadilisha alama kama hizo kabla ya kutuma. Ofisi isiyo na huduma ya namna hiyo inaweza kujiokoa kwa kuandika ritifaa upya kwa mkono.

Mabadiliko mengine huja na tarehe ya mwisho. Twilio ilifunga huduma yake ya zamani ya gumzo tarehe 25 Julai 2022, baada ya kuwatangazia wateja wahamie nyingine. Programu ambayo haikuhamishwa ilinyamaza. Ndiyo maana mkataba wa kutengeneza programu ya kaunti unafaa kusema nani atasoma taarifa za jukwaa baada ya kazi kukabidhiwa. Programu huundwa na kuzinduliwa, picha zikapigwa, kisha muundaji akaenda zake. Mwaka unaofuata menyu ya nyota haifunguki na hakuna anayejua aulizwe nani.

Jina linaloonekana juu ya arafa halizidi herufi 11, nalo haliwezi kujibiwa. Mkaazi anayeandika "asante" au kuuliza swali kwa jina hilo hazungumzi na mtu yeyote. Ofisi inayotaka majibu hutumia nambari fupi iliyokodishwa kwa kazi hiyo, na huitaja ndani ya ujumbe. Arafa inayodai kutoka serikalini lakini imetumwa na nambari ya kawaida ya simu, ikitaka ada ya basari au nambari ya siri ya M-Pesa, isijibiwe. Wateja wa Safaricom wanaweza kuiripoti kwa 333.

Anayekosa arafa za kliniki au za kilimo aanze kwa kuuliza nambari gani imeandikwa kwenye rekodi yake. Laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayesoma siku ya chanjo ya mtoto wa wenyewe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, nambari ya simu ni habari ya kibinafsi, na mwenyewe ana haki ya kutaka isahihishwe au ifutwe ikiwa si sahihi. Ofisi ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.