Misuli imara, moyo mzito: Mwanamichezo wa chuo kikuu naye huhitaji msaada

Watu wengi huamini kwamba kijana anayecheza kandanda, raga au voliboli hawezi kupatwa na matatizo ya akili. Husema, "Yule ana nguvu kama ndovu, atalemewa na nini?" Dhana hii ni potovu. Aidha ni ya hatari, kwa maana huwafanya wazazi, makocha na hata wachezaji wenyewe kuchelewa kutambua kwamba mtu anaumia.

Katika mji wa Lumakanda, eneo la Lugari, kaunti ya Kakamega, si ajabu kupata familia iliyouza mahindi au ng'ombe ili mtoto ajiunge na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, Kibabii kule Bungoma, au vyuo vya Moi na Eldoret. Mtoto huyo akichaguliwa katika timu ya chuo, fahari ya nyumbani huongezeka maradufu. Kila arudipo likizoni huulizwa, "Mlishinda?" Ni wachache wanaomwuliza, "Unaendeleaje?"

Mchezo ni dawa

Ni kweli kwamba mazoezi husaidia akili. Mtu anapokimbia au kucheza, mwili hutoa kemikali zinazopunguza maumivu na kuleta utulivu. Usingizi huwa mzuri zaidi, na wasiwasi hupungua. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki.

Klabu nayo huleta faida nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Lumakanda na kujikuta miongoni mwa maelfu ya watu asiowajua hupata marafiki wa kumwita kwa jina. Asipoonekana mazoezini, kuna atakayeuliza alipo. Upweke, ambao huweza kuchangia matatizo ya akili miongoni mwa vijana, hupata mpinzani.

Lakini dawa yoyote ikizidi kipimo huweza kudhuru.

Mizigo anayobeba

Mchezaji wa chuo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Asubuhi yuko darasani, jioni uwanjani, na usiku hungojewa na vitabu. Mashindano ya vyuo huweza kumwondoa chuoni kwa siku kadhaa, naye akirejea hukuta mtihani mdogo ulishafanywa. Wengi hufidia muda huo kwa kupunguza usingizi, ilhali kijana wa umri huo anahitaji kulala muda wa saa 7 hadi 9.

Kuna pia suala la fedha. Mkopo wa bodi ya HELB ukichelewa, mchezaji huweza kukimbia kilomita kadhaa tumboni akiwa na chai na andazi tu. Mwili wenye njaa huchoka upesi, na akili nayo hunung'unika.

Jeraha ndilo pigo ambalo wengi hulipuuza. Goti likiumia, daktari hushughulikia goti. Hakuna anayeshughulikia moyo wa kijana ambaye ghafla hana mazoezi, hana safari, na hasikii tena kelele za mashabiki. Ikiwa tangu shule ya msingi amejulikana kama "yule mchezaji", hubaki akijiuliza yeye ni nani sasa. Hali hiyo hiyo humpata anayeachwa nje ya kikosi, na yule anayehitimu na kuondoka kwenye timu.

Wanaocheza raga, kandanda na ndondi wako katika hatari nyingine, nayo ni mtikisiko wa ubongo. Aliyegongwa kichwa akaumwa na kichwa, akaona kizunguzungu, akasahau mambo au akawa mwepesi wa kukasirika hafai kurudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza kwamba yu mzima. Sharti aonwe na daktari. Mabadiliko ya hisia baada ya kugongwa si tabia mbaya bali huweza kuwa dalili ya ubongo uliojeruhiwa.

Tusisahau pombe. Katika klabu nyingi ushindi husherehekewa kwa chupa, na kushindwa huombolezwa kwa chupa. Mwenye huzuni anayekunywa ili alale hujikuta na matatizo mawili badala ya moja. Wasichana nao huweza kukumbana na matusi kuhusu miili yao, au kutakwa kimapenzi na mwenye mamlaka ya kuchagua kikosi. Jambo hilo ni kosa, na halipaswi kuitwa nidhamu ya timu.

Hata mabingwa huelemewa

Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, Simone Biles wa Marekani alijiondoa katika fainali kadhaa za mazoezi ya viungo kwa sababu akili yake haikuwa sawa, na angeweza kuumia vibaya. Wako waliomwita mwoga. Mwaka 2024 alirudi mjini Paris na kunyakua dhahabu 3.

Hapa kwetu, Wilfred Bungei, aliyeshinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, ameeleza hadharani jinsi ulevi ulivyomtesa na jinsi alivyopata nafuu kwa matibabu. Ikiwa bingwa wa dunia nzima hakuona haya kusema, mchezaji wa timu ya chuo ana haja gani ya kujificha?

Dalili za kuangalia

Kila mtu huwa na siku mbaya, na kuhuzunika baada ya kushindwa si ugonjwa. Tofauti iko katika muda na uzito. Ikiwa hali imedumu kwa majuma 2 au zaidi, na inamzuia mtu kusoma, kulala, kula au kuchangamana na wenzake, basi yafaa atafute msaada. Dalili zenyewe ni kama hizi:

* Kukosa usingizi, au kulala mno na bado kuamka akiwa mchovu.
* Kutofurahia mchezo alioupenda, na kutoa visingizio vya kukosa mazoezi.
* Kukasirika ovyo, kulia bila sababu ya wazi, au kunyamaza kabisa.
* Kuumwa na kichwa, tumbo au misuli bila daktari kuona kasoro.
* Kupungua au kuongezeka uzito kwa ghafla.
* Kunywa pombe au kutumia dawa za kulevya kuliko awali.
* Kusema kwamba yeye ni mzigo, au kuwagawia wenzake vitu vyake kana kwamba anaaga.

Dalili ya mwisho isingoje majuma 2. Ni ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Klabu ifanye nini?

Kocha hahitaji kuwa daktari. Kazi yake ni kuona, kuuliza na kuelekeza. Dakika 5 baada ya mazoezi, akiwa pembeni na mchezaji mmoja, huweza kufanya kazi kubwa kuliko hotuba ndefu mbele ya timu nzima. Aulize waziwazi: "Naona siku hizi hujachangamka. Kuna nini?" Kisha anyamaze asikilize.

Nahodha na wachezaji wawili watatu wa kuaminika wafunzwe jinsi ya kusikiliza na kutunza siri. Klabu ijue kwa jina mshauri nasaha wa chuo, na mwanzoni mwa kila muhula imwalike uwanjani ili wachezaji wamzoee. Ni rahisi kubisha mlango wa mtu uliyekwisha kumwona.

Aliyejeruhiwa asisahauliwe. Apewe kazi ya kuweka kumbukumbu za mechi au kusaidia wachezaji wapya, mradi abaki kuwa mmoja wa timu. Na mchezaji anayesema amelemewa asiadhibiwe kwa kuondolewa kikosini milele, la sivyo wenzake watajifunza kunyamaza.

Mzazi naye

Ewe mzazi uliye Lumakanda, simu yako ya Jumapili ina nguvu kuliko unavyodhani. Usianze kwa kuuliza matokeo ya mtihani au ya mechi. Muulize amekula nini, amelalaje, na ana rafiki gani. Akikuambia ana huzuni, usikimbilie kumwambia avumilie kama mwanamume, wala usidhani kwamba amerogwa. Sala zina nafasi yake, nayo matibabu yana nafasi yake. Mwenye kutafuta kimoja hajakikana kingine.

Lumakanda si mgeni katika jambo hili. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wengi wa Lugari na Turbo waliojeruhiwa mioyo walikutana katika vikao vya kusikilizana vilivyoandaliwa na Waquaker, kwa mtindo uliokuwa umeanzia Rwanda na Burundi. Mmoja wa walioongoza juhudi hizo, David Zarembka, aliishi Lumakanda hadi alipofariki mwaka 2021. Somo la vikao hivyo bado linafaa: jeraha lisiloonekana hupona upesi likipata mtu wa kulisikiliza.

Panapo hatari

Wengi huogopa kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua, wakidhani watampa wazo hilo. Wataalamu wanasema sivyo. Kuuliza kwa upole humpunguzia mzigo. Akikubali kwamba anafikiria hivyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini mara moja.

Kwa miaka mingi familia ziliogopa pia polisi, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka 2. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Anayejaribu kujiua ni mgonjwa, si mhalifu.

Msaada upo. Mwanafunzi aanzie kwa mshauri nasaha au zahanati ya chuo. Akiwa nyumbani, aende hospitali ya Lumakanda, naye akihitaji mtaalamu zaidi huweza kutumwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, yenye idara ya afya ya akili. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199, na wenye tatizo la pombe au dawa za kulevya huweza kupiga 1192 ya NACADA.

Mchezaji aliyetegua kifundo cha mguu hachekwi anapochechemea kwenda kwa daktari. Anayechechemea moyoni naye asichekwe. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua.