Mbegu ya Ngai-ngai

Mama wengi wananunua ngai-ngai sokoni, lakini ni wachache wanaochunga mbegu yake. Kisha kiangazi kinafika, bei inapanda, na watoto wanakula bukari na chumvi tu. Mtoto asiyepata mboga za majani kwa muda mrefu anaweza kushindwa kuona njia jua likishuka. Ndiyo sababu tunaandika habari ya bustani katika kitabu cha afya.

Ngai-ngai ni ndugu ya bamia na ya pamba. Angalia maua yao, utaona wanafanana. Wako na ndugu wengine wa porini pia, kama yale majani magumu ya njiani tunayoyafunga kuwa ufagio.

Basi, utachagua mbegu gani? Hapa watu wengi wanakosea. Wanachuma miti mizuri yote mpaka inakwisha, halafu ule uliotoa maua upesi, wenye majani machache, ndio unaoachwa kukauka. Mbegu inatoka kwake. Mwaka unaofuata shamba lote linaharakisha kutoa maua, na mama anasema udongo umechoka. Udongo hauna kosa. Fanya hivi: mvua ikiwa bado inanyesha, funga kamba kwenye miti mitano au sita yenye majani mapana, isiyo na ugonjwa, iliyochelewa kutoa maua. Hiyo usiichume. Uwaambie na watoto, maana wao ndio wanaotumwa kuchuma.

Vifuko vya mbegu vikikauka, vikate kabla havijapasuka. Nywele zake zinawasha mikono kidogo. Anika mbegu kivulini, zitie katika chupa kavu, uifunge sana.

Mvua ikianza, kwetu Katanga ni karibu na mwezi wa kumi na moja, loweka mbegu usiku mmoja. Zinazoelea, tupa. Panda tatu katika shimo lisilopita sentimetre 2 kwenda chini, na kati ya shimo na shimo uache nusu metre. Zikiota, bakiza mche mmoja wenye nguvu. Usipande mahali palipokuwa na bamia mwaka jana, kwa sababu wadudu wadogo wa mizizi wanawashambulia wote wawili. Panda mahindi pale kwanza. Baada ya majuma sita hivi kata ncha, na matawi mapya yatatoka pembeni.

Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zimetiwa dawa ya sumu. Ni za kupanda tu. Usizipike wala usiwape kuku, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza kupanda.

Pika majani na mawese kidogo, kwa sababu mafuta yanasaidia mwili kupokea vitamini A. Ongeza karanga au maharagwe, maana majani peke yake hayamkuzi mtoto.

Neno moja juu ya maji mekundu ya ngai-ngai. Watu wanasema yanaongeza damu, kwa kuwa yanafanana na damu. Ni kinywaji kizuri, lakini rangi si damu. Mtoto mwenye viganja vyeupe na pumzi ya haraka anaweza kuwa na malaria, au minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Usikae nyumbani siku tatu ukimnywesha. Mlete hospitali siku ile ile, apimwe damu.